Kijiko kwenye kizibo

Mgeni akiingia nyumbani kwa watu Mwakiro, huko Muyinga, Burundi, na mwenyeji akiwa na uwezo, mtoto hutumwa dukani. Hurudi na chupa ya kioo, vumbi limefutwa kwa kiganja, kizibo bado kimebana. Iwe ya machungwa, ya limau au nyeusi, kwa wengi ni Fanta tu. Chupa ya namna hiyo ni heshima, na si rahisi kumwambia mtu kwamba heshima yake ina sukari nyingi.

Lakini ipime. Chukua sahani, chota sukari vijiko vidogo tisa. Hiyo ni gramu 35 hivi, sawasawa na iliyomo katika mililita 330 za Coca-Cola. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula: kwa mtu mzima, gramu 50 kwa siku, na afadhali zisizidi 25. Chupa moja ya mgeni imeshavuka hizo 25.

Chile iliamua kuyasema haya juu ya chupa yenyewe. Tangu Juni 2016, kinywaji chenye sukari kupita kiwango kinabandikwa alama nyeusi ya pembe nane, na matangazo yake kwa watoto yakabanwa. Katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, ununuzi wa vinywaji vya namna hiyo ulishuka kwa karibu robo. Marekani, watafiti walijaribu njia kali zaidi kwenye mkahawa wa hospitali huko Massachusetts. Maandishi peke yake hayakubadilisha kitu. Walipoweka picha za unene, kisukari na meno yaliyooza, sehemu ya vinywaji vyenye sukari katika vyote vilivyonunuliwa ilishuka kutoka asilimia 21.4 hadi 18.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Kwa hiyo picha inafanya kazi. Swali langu ni inafanya kazi gani nyingine. Anayetazama kitambi kilichobandikwa kama onyo hajifunzi kuogopa sukari tu. Anajifunza pia kumtazama mwenye kitambi kama onyo linalotembea. Machi 2020 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali liliandika katika jarida la Nature Medicine kwamba unyanyapaa wa unene unaumiza mwili na akili, na unawafanya watu wakwepe matibabu. Mtu akishazoea kukaripiwa na mizani kabla hajaeleza kinachomuuma, kliniki haendi tena.

Huku kwetu jicho lilizoea kutazama upande mwingine. "Umenona!" ni salamu, na anayeambiwa hivyo hucheka. Aliyekonda ndiye anayenong'onwa, na kuna sababu: mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa mpya ambao wananchi waliuita Slim, yaani wembamba. Ulikuwa Ukimwi. Miaka mingi baadaye, mtu aliyepungua kwa malaria au kwa njaa tu alilazimika kujieleza mbele ya majirani. Tunajua vizuri, basi, jinsi mwili unavyogeuzwa ushahidi dhidi ya mwenyewe. Wala heshima ya unene si ngao ya kudumu. Utafiti wa Alexandra Brewis na wenzake, uliotoka mwaka 2011 na kuihusisha Tanzania pia, ulikuta chuki dhidi ya wanene imekwisha kujikita Samoa ya Marekani, mahali ambapo mwili mkubwa ulikuwa fahari.

Sasa lete picha ile ya kitambi Mwakiro. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017, zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mkulima mwembamba, aliyeshinda na jembe kwenye kahawa yake, ataitazama picha na kusema: hainihusu. Hapo lebo imemdanganya. Bakteria wa kinywani hawaulizi uzito. Wanakula sukari, wanatoa asidi, nayo asidi inalainisha ganda gumu la jino mpaka litoboke. Kisukari nacho huwapata wembamba. Kuna aina iliyoelezwa Jamaika tangu 1955, inayohusishwa na utapiamlo, ambayo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi kuwa aina ya tano mjini Bangkok, Aprili 2025. Soda siyo iliyoleta aina hiyo, nisieleweke vibaya. Ila mwenye nayo, akiamini kisukari ni ugonjwa wa wanene, atachelewa kupimwa.

Liko pia jambo la kiufundi ambalo wachora lebo wa mbali hawalifikirii. Chupa ya kioo inarudi kiwandani kwa Brarudi, kampuni ya vinywaji, inaoshwa, inajazwa tena. Haina karatasi ya kubandika picha ya mtu yeyote. Kitu kinachobadilika kila mara ni kizibo. Israeli, tangu mwaka 2020, inatumia duara jekundu lenye mchoro wa kijiko kwa bidhaa yenye sukari nyingi. Mchoro huo unatosha juu ya kizibo, na bibi asiyejua kusoma Kirundi wala Kifaransa anauelewa.

Mtakaoandika kanuni za Burundi na za Jumuiya ya Afrika Mashariki, chapeni kijiko hicho, na idadi ya vijiko pembeni. Habari ya chupa iandikwe kwenye chupa. Matumbo ya watu yaacheni.