Mageuzi Yaliyodumu na Yaliyotanguka: Serikali za Chama cha Leba nchini Uingereza, 1924–1979

Ikisiri

Kati ya 1924 na 1979, Chama cha Leba kilitawala Uingereza katika vipindi vitano ambavyo kwa jumla havizidi sana miaka 20. Baadhi ya mageuzi yake yamedumu hata chini ya wapinzani wake. Mengine yalifutwa mara tu chama kilipoondoka madarakani. Makala haya yanafafanua sababu za tofauti hiyo. Hoja kuu ni kwamba mageuzi yaliyodumu yalikuwa na wanufaika wengi kuliko wapigakura wa chama, na yalikabidhiwa taasisi ambazo uhai wake haukutegemea uhai wa serikali iliyoziunda.

1.0 Utangulizi

Istilahi zinahitaji kuwekwa wazi kwanza. Jina la Chama cha Leba likitafsiriwa kuwa “Chama cha Wafanyakazi”, msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba ni chama cha kutetea maslahi ya watumishi kazini. Mkanganyiko huo una chanzo katika historia yenyewe. Mwaka 1900, vyama vya wafanyakazi pamoja na makundi ya wasoshalisti viliunda kamati ya kupeleka wawakilishi wa wafanyakazi Bungeni, na mwaka 1906 kamati hiyo ikachukua jina la Chama cha Leba.

Vilevile, neno “ujamaa” limebeba fikra za Azimio la Arusha la 1967 na dhana ya undugu wa familia. Usoshalisti wa Uingereza ulikua katika mazingira mengine: migodi, viwanda, makanisa ya waumini waliojitenga na kanisa la dola, na wasomi wa Jumuiya ya Fabian. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia “usoshalisti” na “mrengo wa kushoto”.

2.0 Serikali Zisizo na Wingi wa Wabunge: 1924 na 1929–1931

Ramsay MacDonald aliunda serikali ya kwanza ya Leba Januari 1924, chama chake kikiwa na viti 191 tu. Wahafidhina walikuwa na viti vingi zaidi, na serikali iliishi kwa hisani ya Waliberali. Ilidumu miezi tisa. Hata hivyo, Sheria ya Nyumba iliyosimamiwa na waziri John Wheatley iliahidi mabaraza ya miji na wilaya ruzuku ya kila mwaka, kwa miaka 40, kwa kila nyumba ya kupangisha watakayoijenga. Serikali ilianguka, lakini mabaraza, yakiwemo yaliyoongozwa na Wahafidhina, yaliendelea kujenga. Takriban nyumba nusu milioni zilijengwa chini ya sheria hiyo.

Serikali ya pili haikuacha urithi wa namna hiyo. Iliingia madarakani Juni 1929, miezi michache kabla ya mdororo mkuu wa uchumi wa dunia. Kufikia mwisho wa 1930, watu wasio na ajira walizidi milioni 2.5. Agosti 1931, ili kuilinda pauni, Baraza la Mawaziri lilitakiwa kupunguza posho ya wasio na ajira kwa asilimia 10, nalo likagawanyika. MacDonald aliunda serikali ya mseto na Wahafidhina na Waliberali, akafukuzwa chamani, na katika uchaguzi wa Oktoba Leba ikabaki na viti 52. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwezi Septemba serikali hiyo mpya ililazimika kuachana na kiwango cha dhahabu, yaani mfumo uleule ambao kwa ajili yake Leba ilikuwa imevunjika.

3.0 Attlee: Afya na Feleji, 1945–1951

Uchaguzi wa 1945 uliipa Leba viti 393 kati ya 640. Serikali ya Clement Attlee ilitaifisha Benki Kuu, makaa ya mawe, reli, umeme, gesi na hatimaye chuma na feleji, na ikaanzisha bima ya jamii na Huduma ya Taifa ya Afya. Mifano miwili inatosha kuonyesha tofauti inayojadiliwa.

Huduma ya Taifa ya Afya ilianza tarehe 5 Julai 1948. Msingi wake ulikuwa umeandaliwa na ripoti ya William Beveridge ya 1942, iliyotolewa chini ya serikali ya vyama vyote wakati wa vita. Waziri Aneurin Bevan alikubali kuwaachia madaktari bingwa haki ya kutibu wagonjwa wa binafsi ili wajiunge. Huduma ililipiwa kwa kodi, ikawa ya kila mkazi, tajiri kwa maskini. Mwaka 1953, Wahafidhina waliunda kamati ya kuchunguza gharama zake. Ripoti yake ya 1956 haikuona ushahidi wa ubadhirifu. Ilionyesha kwamba sehemu ya pato la taifa iliyotumika ilikuwa imepungua. Tangu hapo, mjadala ulihusu namna ya kuiendesha, si kama iwepo.

Viwanda vya feleji vilikuwa na hatima nyingine. Sheria ilipitishwa 1949, viwanda vikachukuliwa Februari 1951, na sheria ya 1953 ikaanza kuvirudisha kwa wamiliki binafsi. Leba ilivitaifisha tena 1967. Vikabinafsishwa tena 1988. Kwa mwananchi wa kawaida, kubadilika kwa mmiliki wa kiwanda hakukumpa haki mpya mkononi, na hivyo kulikuwa na wachache wa kukitetea.

4.0 Mfano wa Kongwa

Serikali hiyohiyo iliacha funzo katika Tanganyika. Ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula Uingereza baada ya vita, ilipanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, kuanzia Kongwa. Matrekta yalishindwa na vichaka na mizizi, udongo ulikauka ukawa mgumu, na mvua hazikutosha. Mpango uliachwa 1951 kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Wenyeji walihusishwa kama vibarua, si kama wenye mpango. Kilichobaki na manufaa ni bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya kusafirishia karanga hizo, kwa kuwa iliweza kutumiwa na watu wengine kwa shughuli nyingine.

5.0 Wilson na Callaghan, 1964–1979

Harold Wilson alirudi na historia ileile ya pauni: mwaka 1967 thamani yake ilishushwa kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Pendekezo la 1969 la kudhibiti migomo kwa sheria liliondolewa kwa upinzani wa vyama vya wafanyakazi. Makubaliano ya hiari kuhusu mishahara baada ya 1974 hayakuwa na taasisi ya kuyashikilia. Mwaka 1976, serikali ya James Callaghan iliomba dola bilioni 3.9 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa na kupunguza matumizi. Migomo ya majira ya baridi ya 1978–1979 ilivunja kilichosalia, na tarehe 28 Machi 1979 serikali ilishindwa Bungeni kwa kura 311 dhidi ya 310.

Hata hivyo, Chuo Kikuu Huria cha 1969 na Sheria ya Malipo Sawa kwa wanawake ya 1970 vilivuka utawala wa Margaret Thatcher. Chuo kilikuwa na wanafunzi wake, na sheria ilikuwa na wadai wake mahakamani.

6.0 Hitimisho

Wingi wa wabunge hauelezi kila kitu: serikali dhaifu ya 1924 iliacha nyumba, na serikali yenye nguvu ya 1945 ilipoteza feleji. Kwa washauri wa sera, maswali matatu yanafaa kuulizwa kabla ya sheria kupitishwa. Je, wanufaika wake ni wengi kuliko wafuasi wa chama tawala? Je, kuna taasisi itakayoitekeleza serikali ikibadilika? Je, fedha zake zitapatikana sarafu ikiyumba? Sera inayokosa majibu ya maswali hayo huenda isiishi zaidi ya serikali iliyoiasisi.