Dawa za Kichina za dalili za kabla ya hedhi zahitaji hadhari

HASIRA zisizo na sababu, huzuni, matiti kujaa na kuuma, tumbo kufura na kukosa usingizi ni baadhi ya dalili zinazowasumbua wanawake wengi siku chache kabla ya hedhi, kisha hutoweka hedhi inapoanza.

Nchini China, matabibu wa jadi wamezikabili dalili hizi kwa mitishamba kwa karne nyingi. Mojawapo ya dawa mashuhuri ni Xiao Yao San, unga uliorekodiwa katika kitabu cha dawa cha serikali enzi ya utawala wa Song (960-1279).

Kwa mujibu wa matabibu hao, mwili huendeshwa na nguvu iitwayo qi. Dhiki ya moyo inapozidi, nguvu hiyo hukwama kwenye ini, na hapo ndipo hasira na maumivu huzuka.

Mzizi wa chai hu hutumiwa kuikwamua qi, ilhali dang gui na mzizi wa peoni nyeupe hukusudiwa kuirutubisha damu. Bai zhu na fu ling huongezwa kwa ajili ya tumbo, pamoja na susu, tangawizi na nanaa.

Je, dawa hizi hutibu kweli? Uhakiki wa shirika la Cochrane uliochapishwa mwaka 2009 ulipata majaribio mawili pekee yaliyofikia viwango vyake, na ukahitimisha kuwa ushahidi haukutosha. Hiyo si kusema kwamba hazifai, bali hazijapimwa ipasavyo.

Aidha, kitokacho shambani si lazima kiwe salama. Susu ikitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini. Dang gui nayo yaweza kusababisha uvujaji wa damu kwa anayemeza warfarin.

Nchini Ubelgiji, mapema miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibikiwa na figo baada ya kutumia dawa za kupunguza unene zilizochanganywa kimakosa na mmea wa aristolokia wenye sumu. Jina la Kichina la mmea huo lilishabihiana na la ule uliokusudiwa.

Kwa hivyo, anayetaka kuzijaribu dawa hizi amweleze daktari kwanza, hasa akiwa mjamzito, akinyonyesha au akitumia dawa nyingine. Na pale huzuni inapofikia kiwango cha kutamani kufa, asikawie nyumbani akisubiri mitishamba. Aende hospitalini mara moja.