Gemu ya simu ya kulipia kwanza: Je, soko lipo?

Na Mwandishi Wetu, Ziba

KWA kawaida ukurasa huu ukifika Ziba hufuata pamba, choroko, dengu na bei ya ng'ombe mnadani. Safari hii tulijikuta tukijadili bidhaa isiyopimwa kwa kilo wala kwa debe. Mzee mmoja mwenye duka la pembejeo katika mji huu mdogo wa Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, alituvuta kando na kutuonyesha karatasi ya hesabu aliyoletewa na mpwa wake, kijana anayesomea kompyuta Dar es Salaam. Kijana ametengeneza nusu ya mchezo wa simu. Mchezo unahusu kiongozi wa msafara wa zamani, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, anayetakiwa kufikisha mzigo na wapagazi wake salama. Anataka kuumalizia, kisha auuze shilingi 3,000 kila mmoja, mteja akilipa kwanza ndipo acheze.

Gharama yote kwa hesabu ya kijana ni shilingi milioni 30, na mjomba ameombwa achangie sehemu yake kwa kuuza ng'ombe. "Mimi gemu siijui," alisema mzee. "Ninachojua ni kuuza. Niambieni kama hiyo bei itapita."

Swali hilo si dogo, na si la Ziba peke yake. Limewasumbua watu wenye mitaji mikubwa kuliko zizi la mzee huyu.

Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilipofungua duka lake la programu za simu, mtengenezaji aliyetaka kupata kitu aliweka bei mlangoni. Angry Birds ya mwaka 2009 iliuzwa senti 99 za dola na ikawatajirisha wenyewe. Lakini mwishoni mwa mwaka huohuo Apple iliruhusu programu za bure nazo ziuze vitu ndani yake, na tangu hapo soko likageuka. Mchezo unatolewa bure, halafu mchezaji anauziwa sarafu, nguo za wachezaji na nafasi ya kuendelea pale alipokwama, au anaonyeshwa matangazo. Ni sawa na mwenye hoteli anayegawa wali bure na kutoza mchuzi.

Waliobaki na bei ya mlangoni walipata matokeo ya aina mbili. Mchezo uitwao Monument Valley, uliotolewa na kampuni ya ustwo ya London mwaka 2014 kwa dola 3.99, ulirudisha fedha zake vizuri. Wenyewe walitangaza Januari 2015 kuwa walitumia jumla ya dola milioni 1.4 hivi, pamoja na sehemu ya nyongeza, na kuingiza zaidi ya dola milioni 5.8. Hiyo ni faida ya kumfanya mtu yeyote auze ng'ombe. Lakini walisema pia jambo jingine ambalo mzee wa Ziba anapaswa kulisoma mara mbili. Kwenye simu za Apple, kati ya kila simu 100 zilizowekwa mchezo huo, 40 ndizo zilizokuwa zimelipiwa. Kwenye simu za Android zilikuwa 5 tu. Si zote 95 zilizobaki zilikuwa za wizi, kwani mtu mmoja aliyelipa mara moja anaweza kuwa na simu mbili au tatu. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, na simu zinazouzwa Ziba ni za Android.

Nintendo nao, kampuni ya Kijapani isiyohitaji kutambulishwa kwa watoto wa mjini, walitoa Super Mario Run Desemba 2016. Walimwachia mchezaji aonje hatua za mwanzo bure, kisha wakamtaka alipe dola 9.99 kwa zilizobaki, yaani karibu shilingi 25,000 kwa viwango vya sasa. Mamilioni ya watu waliupakua, wachache wakalipa, na Nintendo wenyewe wakakiri kuwa mapato hayakufikia matarajio yao. Kama Mario, ambaye anajulikana dunia nzima, anagomewa mlangoni, kiongozi wa msafara asiyejulikana atapitaje?

Kuna na hatari ya kuigwa. Mwaka 2014 watengenezaji wa mchezo wa namba uitwao Threes walihangaika zaidi ya mwaka mmoja kuukamilisha, wakauweka sokoni kwa dola 1.99 mwezi Februari. Mwezi uliofuata kijana mmoja wa Kiitaliano akatoa 2048, mchezo unaofanana nao, alioutengeneza kwa siku chache na kuutoa bure. Leo ukiuliza watu, wengi wanaijua 2048. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo aliyeleta mtindo mpya wa viatu anayajua maumivu hayo.

Sasa turudi kwenye karatasi ya kijana. Ameandika kwamba milioni 30 zikigawanywa kwa shilingi 3,000 anahitaji wanunuzi 10,000. Amesahau ushuru wa mwenye duka. Google, tangu Julai 2021, hukata asilimia 15 katika dola milioni moja za kwanza anazoingiza mtengenezaji kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 30. Kwenye shilingi 3,000 zinabaki 2,550, kodi ikiwa bado haijahesabiwa. Hapo wanunuzi wanaotakiwa ili kurudisha mtaji peke yake wanakuwa karibu 11,800. Na ikiwa wanaolipa ni watano katika kila simu mia, kama ilivyotokea kwa wale wa London, basi mchezo huo utapaswa kuingia kwenye simu zaidi ya 235,000 kabla mzee hajaona faida ya hata mguu mmoja wa ng'ombe. Misafara ya zamani ililipa hongo kwa kila mtemi njiani. Ya sasa ina mtemi mmoja, ila hakuna namna ya kumzunguka usiku.

Je, watu wa Ziba hawalipii michezo kabisa? Hapa ndipo tulipokuta jambo lenye manufaa kwa wawekezaji wadogo, na lilikuwa hatua chache tu kutoka dukani kwa mzee.

Katika kibanda cha bati kulikuwa na televisheni na mashine ya PlayStation, na vijana kama tisa wakisubiri zamu. Wanalipa kwa mechi. Aliyefungwa anaondoka, aliyeshinda anabaki, na mwenye kibanda anakusanya sarafu bila kukopesha mtu. Kijana mmoja tuliyemkuta alikuwa amecheza mechi nne mfululizo. Ukijumlisha alizocheza wiki hiyo, fedha hizo zingetosha kununua gemu ya mpwa wa mzee na chenji ikabaki. Lakini muulize kama angetoa shilingi 3,000 kwa mkupuo kununua kitu asichokijua, na atacheka. Alitucheka.

Jirani yake ni fundi simu ambaye pia hujaza nyimbo, filamu na gemu kwenye kadi za kumbukumbu. Kwa fedha inayokaribia bei ya soda mteja anaondoka na kadi iliyojaa. Humo mna gemu ambazo mahali zilikotoka zilikuwa za kulipia. Fundi haoni kama ni wizi. Yeye anauza huduma ya kunakili, pamoja na ujuzi wake wa kujua ipi itakubali kwenye simu ya bei nafuu na ipi itagoma. Serikali iliwahi kupambana na unakilishaji wa namna hiyo kwenye kanda na santuri za muziki na filamu, ambapo mwaka 2013 TRA ilianzisha stempu za kodi kwa bidhaa hizo. Stempu inabandikwa kwenye kasha. Kwenye kadi ya ukubwa wa kucha, iliyojazwa Ziba jioni ya mnada, utaibandika wapi?

Kwa hiyo fedha ya michezo ipo. Inatoka kidogo kidogo, kwa mtu anayeonekana, baada ya mteja kuonja. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa miito ya simu, ambapo Watanzania wengi walikubali kukatwa salio kwa wiki ili anayewapigia asikie wimbo, ingawa wanamuziki walilalamika kwamba kinachowafikia ni makombo.

Njia ya kulipa nayo ni kikwazo cha peke yake. Mnunuzi wa London anabonyeza, kadi yake ya benki inakatwa. Mnunuzi wa Ziba fedha yake iko kwenye simu, kwa mfumo ulioingia Tanzania mwaka 2008 Vodacom ilipoleta M-Pesa. Nchini Kenya wateja wa Safaricom walianza mwaka 2018 kuweza kulipia duka la Google kwa M-Pesa. Carry1st ya Afrika Kusini, inayosambaza michezo barani, iliona mapema kwamba kabla ya kuuza gemu ni lazima kwanza ujenge daraja la malipo, na ikajenga. Msomaji anakumbuka pia tozo ya miamala ya Julai 2021, ilivyolalamikiwa hadi Serikali ikaipunguza. Bidhaa ya shilingi 3,000 haivumilii makato mengi njiani.

Pamoja na hayo, ukurasa huu haukubaliani na wanaosema bei ya juu haiwezekani kwa mtu wa kijijini. Historia ya njia hiihii inawapinga. Mwingereza Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kuhusu mamia ya aina za shanga zilizokuwa zikisafirishwa bara, na kati ya zote shanga nyekundu za samisami zilikuwa ghali na zikagombaniwa. Zilipewa majina ya utani, moja likiwa na maana ya kumaliza chakula na jingine la kuvunja mji, kwa jinsi watu walivyokuwa tayari kuacha mlo ili wazipate. Mfanyabiashara aliyeleta shanga za bei rahisi ambazo eneo husika halikuzitaka alikwama nazo. Ila samisami mnunuzi aliishika mkononi kabla ya kutoa pembe yake, na jirani akaiona shingoni kwa mkewe siku hiyohiyo.

Ndiyo sababu gemu za kulipia zinazofanikiwa hadi leo, kama Minecraft, au Stardew Valley iliyoingia kwenye simu mwaka 2018, ni zile ambazo mnunuzi alikwisha kuzijua kabla ya kufika dukani, kwa kuziona kwenye kompyuta au kwa rafiki. Sifa ilitangulia, bei ikafuata.

Kijana alikuwa na wazo la pili, la kuugeuza mchezo uwe wa kufundishia historia na kuuzia shule. Hapo tulimtahadharisha mzee. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyiwa majaribio vijijini Mkoa wa Tanga na kumalizika mwaka 2019, washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Programu zao za Kiswahili za kufundisha watoto kusoma na kuhesabu ziliachwa wazi zitumiwe bure. Kushindana na kitu kizuri cha bure kilicholipiwa na tajiri wa Marekani si kazi ya mtaji wa ng'ombe.

Tulimshauri hivi. Asitoe fedha ya gemu nzima. Atoe kiasi cha kumalizia hatua tatu za mwanzo, na hizo apewe fundi wa kadi azigawe bure kwa kila mteja. Mwishoni mwa hatua ya tatu msafara ufike mahali pagumu, na anayetaka kuendelea alipe shilingi 500 kwa fundi huyohuyo, ambaye naye apate mia yake. Hiyo si bei ya juu aliyoiota mpwa, lakini ni bei inayoweza kupanda kuelekea 3,000 endapo watarudi kuulizia hatua ya nne. Wasiporudi, ng'ombe watakuwa bado wako zizini.

Mzee alikunja karatasi, akaiweka chini ya mizani ya kupimia mbegu. Kisha akampigia mpwa wake simu mbele yetu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za masomo, alimwuliza swali moja tu: "Hizo hatua tatu, zinaingia kwenye simu hii yangu?" Kijana alinyamaza kidogo, akasema simu hiyo ni ya zamani, hazitaingia. "Basi anzia hapo, mwanangu," mzee alimjibu, na kukata.