Baridi Kanisani: Tuchague Joto Lisilodhuru

Wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi huwa kali katika nyanda za juu kama Njombe, Makete na Mufindi. Katika Misa ya kwanza wazee hutetemeka, na akina mama huwafunika watoto wachanga gubigubi. Ndiyo maana halmashauri za vigango hujiuliza: kanisa letu lipate joto kwa njia gani?

Wengi hufikiria kwanza jiko la mkaa. Tunawasihi msiliingize kanisani, wala katika nyumba mnamosali jumuiya jioni. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta, hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa oksijeni. Watu hudhani kwamba mkaa ukishakolea na moshi kwisha, hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa sumu hiyo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi. Katika mkesha, mtu huweza kudhaniwa amesinzia tu, kumbe anakufa. Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa pamoja, watoeni wote nje upesi, kisha wapelekeni hospitali. Mama mjamzito apelekwe hata akijiona amepata nafuu, maana mtoto aliye tumboni huweza kudhurika zaidi yake.

Basi tuchague nini?

1. Tuanze na jengo. Rudishieni vioo vilivyovunjika, zibeni nyufa za milango, wekeni dari chini ya mabati. Lakini matundu ya hewa ya juu yaachwe wazi, kwani kifua kikuu huenea kwa urahisi mahali penye watu wengi na hewa isiyopita.

2. Tukae karibu karibu. Mtu mzima aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi. Waumini 100 ni sawa na hita 5 za wati 2,000! Misa ya saa moja nayo yaweza kusogezwa hadi saa tatu, jua likiwa limepanda.

3. Penye umeme, hita za umeme hazitoi sumu hii. Chagueni zile za kufungwa ukutani zinazoelekeza joto kwa watu, maana hewa ya moto hupanda ikaishia darini. Fundi akague nyaya kwanza.

4. Penye kuni, tumieni jiko la chuma lililofungwa, lenye bomba linalotoa moshi hadi juu ya paa. Bomba lisafishwe kila mwaka kabla ya Juni.

5. Hita ya gesi isiyo na bomba tusiinunue, hata ikiwa bei nafuu. Nayo huweza kutoa sumu ile ile.

Kwa hiyo halmashauri inapopanga bajeti, isiulize bei peke yake. Iulize pia: moshi na hewa chafu vitatokea wapi? Kama jibu ni "humu humu ndani", chombo hicho hakifai kuingia kanisani.