Alama ndogo yamfungia mtu barua pepe yake
MTUMIAJI wa barua pepe anaweza kuandika neno la siri lililo sahihi na bado akakataliwa, hasa likiwa na alama kama £. Chanzo huwa ni namna kompyuta zinavyogeuza herufi kuwa namba. Katika mfumo wa zamani wa Latin-1, alama hiyo huchukua baiti 1. Katika UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, huchukua 2. Programu ikituma kwa mfumo mmoja na seva ikitarajia mwingine, neno haliwi lile lile. Ajabu ni kwamba kupitia tovuti mtu huyo huyo huweza kuingia bila shida. Programu, kwa upande wake, huweza kuendelea kulituma neno ililolihifadhi, na baadhi ya seva hufunga akaunti majaribio yakizidi. Inafaa neno libadilishwe kupitia tovuti, la zamani lifutwe katika programu, na jipya liwe la herufi za kawaida, ila refu zaidi.