Pikipiki Ikigoma, Usikimbilie Kununua CDI

Tuseme umetoka Bukundi kwenda Mwanhuzi, umempakia mama mgonjwa, na pikipiki inazimika njiani. Petroli imo, lakini kila ukipiga kiki, kimya. Fundi anakuja, anatikisa kichwa, anasema, "CDI imekufa." Nawe unatoa fedha ulizopata kwa pamba ili ununue nyingine. Je, una hakika imekufa?

Kwanza fahamu kazi yake. Injini ya petroli yahitaji cheche katika plagi kwa wakati wake kamili. Zamani kazi hiyo ilifanywa na platini, ambazo hugusana na kuachana, nazo huungua na kuchakaa. Kufika mwaka 1973, kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka mtambo wa elektroniki badala ya platini katika magari yake yote yaliyoundwa huko. Pikipiki zetu nazo zimeacha platini.

Ubavuni mwa injini mna gurudumu la sumaku lenye nundu ya chuma. Nundu ipitapo mbele ya koili ndogo ya ishara, umeme kidogo sana huzaliwa. Koili hiyo ni kama mpiga kengele: hutangaza kwamba wakati umefika. CDI ni kama ghala: huweka akiba ya umeme wa volti mia kadhaa, na isikiapo kengele huufungulia wote mara moja. Umeme huingia katika koili ya plagi, ukapandishwa kupita volti 10,000, ndipo cheche iruke. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kengele hulia mara 50 kila sekunde!

Basi, mpiga kengele akinyamaza, ghala halifunguki, hata likiwa zima. Kwa hiyo kagua kwa utaratibu:

Kwanza, jaribu plagi nyingine iliyo nzima.

Pili, tazama waya wa swichi ya kuzimia. Katika pikipiki nyingi waya huo ukigusa chuma cha fremu, cheche hukatika. Waya uliochunika waweza kukuzimia injini bila wewe kujua.

Tatu, chomoa soketi za nyaya, usafishe matope na kutu.

Nne, fundi aipime koili ya ishara kwa mita. Mita ikionyesha imekatika ndani, hiyo ndiyo mbovu.

CDI iwe ya mwisho. Azima ya pikipiki ya aina ile ile, uijaribu kabla hujanunua.

Angalia: unapotazama cheche, chuma cha plagi kiguse injini. Usiishike plagi kwa mkono mtupu, wala petroli isiwe karibu.

Fundi mwema hachukii kuulizwa, "Umepima nini?" Muulize hivyo kabla hujafungua mkoba.