Ndege Mkubwa na Kicheko cha Nyenje

Mtu akitaja barazani kwamba ana himma ya jambo kubwa, jibu la kwanza alipatalo huwa ni kicheko. Hili si letu peke yetu. Karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, huko Uchina, alikuwako Zhuangzi, mmoja wa walimu wakuu wa Tao, maana yake Njia. Kitabu chenye jina lake kina milango 33, na mlango wa kwanza waanza kwa kisa cha kicheko hicho hicho.

Katika bahari ya kaskazini palikuwa na samaki aitwaye Kun, mkubwa hata hapana ajuaye urefu wake. Samaki huyo aligeuka ndege, akaitwa Peng, na mbawa zake zikitanda huwa kama mawingu. Bahari ikichafuka, hupaa juu li 90,000 (li ya zama hizo haikufika nusu kilomita), kisha hushika njia ya kusini.

Nyenje na tetere wakamtazama, wakacheka. Sisi, walisema, twaruka kwa nguvu zetu zote hadi mti ule pale, na pengine hatufiki, twaanguka chini. Huyu safari yote hiyo ya nini?

Nampenda nyenje kwa ukweli wake, maana akiri mwenyewe kuwa huanguka. Lakini umri wake ni wa msimu mmoja. Atajuaje mwaka ulivyo?

Labda msomaji angetaka Peng ageuke awajibu. Hajibu neno. Na hapa msomaji mwenye haraka hupitwa, kwani Zhuangzi aeleza pia habari za upepo. Mwaga maji kidogo kwenye kishimo cha sakafuni, unyasi utaelea. Weka kikombe, kitakwama. Mbawa kubwa nazo zataka upepo mwingi chini yake. Aendaye shamba la karibu hurudi tumbo bado limejaa. Aendaye li 100 hutwanga nafaka tangu usiku. Aendaye li 1,000 hukusanya masurufu miezi mitatu. Manahodha wetu waliongoja pepo za msimu wasingehitaji kufafanuliwa.

Basi kijana asemaye atakuwa rubani, na kitabu cha hesabu hajakifungua tangu Ramadhani iliyopita, akichekwa asimsingizie nyenje.

Guo Xiang, mfafanuzi wa kitabu hiki aliyefariki mwaka 312, alishikilia kwamba tetere na Peng ni sawa, kila mmoja kwa maumbile yake. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa Zhuangzi mwenyewe asema ujuzi mdogo haufikii ujuzi mkubwa.

Amtaja pia Song Rongzi, ambaye dunia nzima ikimsifu haongezi bidii, na ikimlaumu havunjiki moyo. Utadhani hapo ndipo kileleni. Zhuangzi asema hata huyo, bado kuna mahali hajafika.